Nani Ashike Kipimo?

Mwaka 2024 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilichimba shaba zaidi ya tani milioni 3, ikawa ya pili duniani nyuma ya Chile. Kobalti yake ilizidi asilimia 70 ya yote iliyochimbwa duniani. Sehemu kubwa ya mali hiyo hutoka jimbo moja, Lualaba, katika ukanda unaotoka Tenke na Fungurume, ukapita Kolwezi na kuendelea magharibi. Kaskazini mwa Kolwezi, kwenye korongo la Nzilo, mto Lualaba ulizuiwa na bwawa tangu mwanzo wa miaka ya 1950. Wabelgiji waliliita Delcommune, jina la mpelelezi wao. Umeme wake ulikusudiwa migodi, na hadi leo migodi ndiyo mteja wake mkubwa.

Hoja ninayoileta ni hii: mashine na mitambo iliyomiminika Lualaba katika miaka 20 iliyopita imemwinua mtu wa kawaida, au imempa tajiri mkono mrefu zaidi? Hoja hii hubishaniwa kila siku, kwenye teksi, kwenye foleni ya maji, kwenye vibanda vya kuchaji simu. Nimeipa sauti nne. Si watu wanne niliowarekodi. Ni maoni manne yanayosikika sana, nami nimeyakalisha pamoja kando ya ziwa la Nzilo, penye soko la samaki, yajibizane. MZEE alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. MAMA huuza samaki na unga. MCHIMBAJI ni kijana anayeshuka mashimoni na kuchimba kwa mikono. MHANDISI amesoma chuo, na ana mkataba na kampuni inayohudumia migodi. Nitaingia kati pale nitakaposhindwa kunyamaza, maana katika jambo hili mimi nina upande.

MZEE: Wanangu, ninyi hamjaiona kazi. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Watoto wangu walizaliwa hospitali ya kampuni, wakasoma shule ya kampuni, tukalala nyumba ya kampuni. Posho ilikuwa unga, mafuta, samaki, maharage, kwa hesabu ya watoto. Leo nchi inatoa shaba zaidi ya mara sita ya ile, na mjukuu wangu anakaa chini darasani. Mashine zimeongezeka, mtu amepungua.

MCHIMBAJI: Papa, heshima yako iko palepale. Lakini kila tukikuuliza habari za leo unatujibu kwa habari za Gécamines. Kama ilikuwa nzuri hivyo, iliangukaje?

MZEE: Ilikamuliwa. Fedha za shaba zilikwenda Kinshasa, spea hazikununuliwa. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ukaporomoka. Mwaka 1993 hatukufikisha tani 50,000. Tukakaa miezi na miezi bila mshahara. Halafu, mwaka 2003 na 2004, Benki ya Dunia ikatoa fedha za kututoa kazini. Zaidi ya watu 10,000 tuliweka sahihi kwenye karatasi iliyosema tunaondoka kwa hiari. Hiari gani, na watoto wamelala na njaa?

MAMA: Hapo umesema kweli, papa. Lakini sema yote. Posho ile iliandikwa kwenye kadi ya mwanaume. Mke alikuwa mstari kwenye kadi ya mumewe. Mume akifa, au akimwacha, mstari unafutwa. Sisi tuliolima mihogo na kuvua samaki hatukuwa na kadi yoyote. Na mwaka 1992 na 1993, wenzenu wenye asili ya Kasai, waliofanya kazi nanyi miaka yote, walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walilala stesheni na watoto wakingoja treni. Hospitali ile na shule ile ziliwasaidia nini siku hiyo?

MZEE: Lile ni doa. Silitetei.

Nasimama hapa kidogo. Watu wengi wa rika langu humkatiza Mzee kwa haraka, wakidhani analilia ukoloni au anamlilia Mobutu. Mimi naona kuna kitu kimoja anachokilia kwa haki. Posho ya mfanyakazi ilikuwa na kiasi kinachojulikana: kilo kadhaa za unga kwa mtu mzima, kadhaa kwa mtoto. Alikwenda kantini akijua anachostahili, na mzani ukipunguza aliona. Ubaya wa mfumo ule ulikuwa mwingi, na Mama ameutaja. Lakini aliyekuwa ndani yake aliweza kuhesabu. Mtu wa leo anaishi juu ya utajiri mkubwa kuliko ule, na karibu kila kitu kinachomhusu kimepimwa na mtu mwingine, mahali asipoingia.

MHANDISI: Nami niseme langu, maana naona mashine imekwisha kuhukumiwa kabla ya kusikilizwa. Bila mashine hakuna anayefika kwenye madini ya chini. Bila umeme shaba haisafishwi. Hata yule kijana asiye na kazi Kolwezi anapokea fedha za dada yake aliye Lubumbashi kwa simu, bila kumlipa mtu wa basi na bila kuogopa majambazi. Mimi nimesomeshwa na mama aliyeuza makala, yaani makaa ya kupikia, na leo nasoma ramani za mgodi kwenye kompyuta. Msiniambie hakuna kilichobadilika.

MAMA: Hakuna aliyesema hivyo, mwanangu. Umetaja makala, basi tuanzie hapo. Inua macho. Hizo nyaya zinatoka bwawani, zinapita juu ya vichwa vyetu, zinakwenda migodini. Jioni mimi nawasha makala kupika bukari, na tochi ya simu kuhesabu fedha zangu. Miti imekwisha pande zote, gunia linatoka mbali, na bei inapanda kila msimu wa mvua. Nimekaa chini ya umeme tangu nizaliwe, na natumia makala.

MHANDISI: Sababu ipo, mama. Umeme ulio kwenye nyaya kubwa hauwezi kuingia nyumbani kama ulivyo. Lazima kijengwe kituo cha kuushusha, nguzo ndogo, mita. Ni gharama. Tazama ile njia ya umeme ya kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700, iliyokamilika mwaka 1982. Umeme wake ni wa mkondo mnyoofu. Ili kijiji cha njiani kichote humo, ungelazimika kujenga kituo cha kubadilisha mkondo, na kituo kama hicho ni mtambo mzima. Ndiyo maana unapita juu ya misitu na vijiji vya nusu ya nchi bila kushuka, hadi hapa Kolwezi.

MAMA: Umenieleza kwa nini haushuki. Sasa nieleze nani aliyechagua waya usioshuka.

MHANDISI: Walioukusudia migodi.

MAMA: Basi usiniambie ni sababu ya ufundi. Ni uamuzi, na ufundi ulikuja nyuma yake.

MZEE: Mhandisi mwenyewe anajua kwamba leo makampuni yameikopesha SNEL, shirika la umeme la taifa, fedha za kukarabati mitambo, na yanajilipa kwa kukatwa kwenye bili zao za umeme. Ni haki yao, wametoa fedha. Lakini aliyelipia mtambo ndiye anayehudumiwa kwanza. Mji unapata delestaji, umeme wa kukatwa kwa zamu.

MCHIMBAJI: Siku za delestaji hata kuchaji simu ni kulipia kibanda chenye jenereta.

Jibu la Mama kwa Mhandisi ndilo nililotaka lisikike, na nitalishikilia hadi mwisho. Katika Kongo nzima ni kama mtu mmoja kati ya watano anayepata umeme. Takwimu hiyo huelezwa kama upungufu: hatuna mitambo ya kutosha, hatuna fedha. Ukisimama kati ya Nzilo na Kolwezi, karibu na mabwawa mawili makubwa ya Nzilo na Nseke, na mwisho wa waya wa Inga, huwezi kuridhika na maelezo hayo. Umeme upo. Ulipangiwa njia, na njia haikupita mlangoni kwa watu.

MCHIMBAJI: Mimi mambo ya nyaya nawaachia wakubwa. Nitasema ninachokijua. Mashine inayoniibia mimi si ile kubwa ya mgodini. Ni ndogo, inashikwa kwa mkono mmoja. Metorex.

MAMA: Waeleze wanaosoma, maana si wote wanaoijua.

MCHIMBAJI: Tunatoka shimoni na magunia, tunayafunga kwenye pikipiki hadi depo. Depo nyingi ni kibanda cha mbao na turubai, mzani mlangoni, na ubao wenye bei: asilimia moja ni faranga kadhaa kwa kilo, asilimia mbili kadhaa, mpaka juu. Kijana wa depo anachukua mawe machache kutoka kwenye gunia, anayaponda, anatia unga kwenye kifuko cha plastiki. Anachukua ile Metorex, ina umbo kama bastola, anaigusisha kwenye kifuko na kubonyeza. Sekunde chache, namba inatokea kwenye kioo kidogo kilichomwelekea yeye. Anasoma: "Moja nukta mbili." Mimi jiwe langu nalijua. Nimelipasua mwenyewe, nimeona ule weusi wa heterojeniti, jiwe lenye kobalti. Namwambia hii si moja. Ananijibu: peleka kwingine. Mara moja niliomba nipige picha kile kioo kwa simu yangu. Nilisukumwa nje.

MHANDISI: Mdogo wangu, chombo chenyewe si kiovu. Kinapiga eksirei kwenye unga, kila metali inarudisha mwali wenye alama yake, na chombo kinahesabu. Ni kazi ambayo zamani ilihitaji maabara na siku nzima.

MCHIMBAJI: Basi, yaya, mbona jiwe moja lina namba mbili katika depo mbili?

MHANDISI: Laweza kuwa na namba mbili hata depo moja. Chombo kinasoma sehemu ndogo tu, kile kilicho mbele ya pua yake. Unga ukiwa na unyevu, namba inashuka. Ukiwa na chenga, au haukuchanganywa vizuri, namba inayumba. Mawe yaliyochaguliwa juu ya gunia yakiwa hafifu, gunia zima linahukumiwa kwa hayo. Na kuna jambo la mwisho. Chombo hicho lazima kisawazishwe kila mara kwa sampuli ambayo kiwango chake kinajulikana, na mwenye kukimiliki anaweza kuingia kwenye mipangilio yake na kuweka kizidisho apendacho. Akikiweka pungufu, kitapunguza kila jiwe, asubuhi hadi jioni, na aliye upande wa pili hana njia ya kujua.

MAMA: Mimi nauza unga kwa meka, kopo la kupimia. Kila mwanamke wa soko anaijua meka. Nikigonga kitako chake kiingie ndani, mteja anaigeuza na kuona. Akiwa na wasiwasi anakuja na ya kwake. Tunagombana, tena kwa sauti, lakini tunagombania kitu tunachokiona wote wawili. Wewe unagombania namba aliyoiona mwenzako peke yake.

MZEE: Na wakubwa wenyewe hawakubali biashara ya namna hiyo. Sisi tulipouza bidhaa nje, sampuli iligawanywa. Sehemu moja ilibaki kwetu, moja ilikwenda kwa mnunuzi, na moja ilifungwa kwa lakiri ikasubiri. Tukitofautiana, ile ya tatu ilipelekwa kwa maabara isiyo ya kwetu wala ya kwao, na neno lake ndilo lililokuwa la mwisho.

MHANDISI: Ni hivyo mpaka leo. Kontena la kobalti likitoka hapa kwenda kiwandani, muuzaji na mnunuzi kila mmoja anapima, na yupo mwamuzi. Imeandikwa kwenye mkataba.

MCHIMBAJI: Kwa hiyo jiwe langu likiwa mikononi mwangu linapimwa na mmoja, na likishavuka mlango wa depo linapimwa na watatu.

Sijasikia maelezo ya ukosefu wa usawa yaliyo wazi kuliko hayo. Jiwe ni lilelile, kobalti iliyomo ni ileile, sayansi ya kuisoma ni ileile. Kilichobadilika ni mwenye nalo. Tajiri akiuziana na tajiri, kila mmoja ana haki ya kuhakiki. Maskini akimuuzia tajiri, haki hiyo haipo, na mashine iliyopaswa kumaliza ubishi inatumiwa kumnyamazisha. Wanaosema teknolojia haina upande wakae nusu saa tu mlangoni pa depo wasikilize.

MHANDISI: Lakini mtakubali kwamba serikali imeliona. Kituo cha biashara cha Musompo, kwenye barabara ya kutokea Kolwezi kwenda Likasi, kilijengwa ili biashara itoke vibandani, iwe mahali pamoja panaposimamiwa. Na mwaka 2019 iliundwa kampuni ya serikali, Entreprise Générale du Cobalt, iwe ndiyo mnunuzi wa kobalti ya wachimbaji wadogo.

MCHIMBAJI: Jengo zuri halisawazishi mashine. Ukinipeleka Musompo na Metorex ikabaki mkononi mwa mnunuzi, umenihamisha tu. Ukinipa mnunuzi mmoja, serikali au kampuni, nitamwambia nani "napeleka kwingine"? Pale Mutoshi, kati ya mwaka 2018 na 2020, walijaribu jambo. Walizungushia uzio, tingatinga zikaondoa udongo wa juu ili wachimbaji wasichimbe mashimo marefu, wanawake wakaruhusiwa kufanya kazi. Usalama ulikuwa bora, hilo nalikubali bila shida. Lakini mnunuzi alikuwa mmoja, na malalamiko ya bei hayakuisha. Halafu ikaja Korona, mpango ukafungwa.

MAMA: Usalama si jambo dogo, mwanangu.

MCHIMBAJI: Si dogo, mama. Juni 27, 2019, eneo la kampuni ya mgodi ya KCC, ukuta wa udongo uliwafunika watu wapatao 40. Tulikuwa na jamaa zetu humo. Baada ya hapo waliletwa wanajeshi kutufukuza. Ukifukuzwa ukiwa na njaa, unarudi usiku. Mimi nasema tu kwamba usalama usiwe bei ya kunyamaza.

MHANDISI: Basi nikwambieni kinachokuja. Kuanzia Februari 18, 2027, kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, betri za magari ya umeme zinazouzwa kwao lazima ziwe na pasipoti ya kidijitali. Mtu ataelekeza simu yake kwenye alama ya betri na kusoma habari zake: imetengenezwa wapi, kwa kiasi gani cha kobalti, kama mwenye kiwanda amechunguza madini yake yanatoka katika hali gani.

MCHIMBAJI: Betri itakuwa na pasipoti. Mimi kitambulisho changu ni kadi ya mpiga kura. Na humo kwenye pasipoti ya betri kutaandikwa bei niliyolipwa?

MHANDISI: Sijaiona kati ya vilivyotajwa.

MCHIMBAJI: Ndivyo nilivyodhani.

Huyu kijana hapingi mashine, na ningependa wasomi wetu wamsikie vizuri. Anachotaka ni mashine iliyogeuzwa kioo chake kimwelekee. Anataka zaidi ya teknolojia aliyonayo, si pungufu yake: picha ya namba, risiti ya uzito na asilimia, sampuli ya pili ya kubaki nayo. Ni mahitaji ya mfanyabiashara yeyote mwenye akili timamu. Kwa kuwa ana vumbi mwilini, tunayasikia kama ukorofi.

MHANDISI: Nina pingamizi moja, na naomba mnijibu. Mkilazimisha kipimo cha kweli, mnunuzi atashusha bei ya kila asilimia. Alichokuwa anakipunguza kwenye Metorex atakipunguza kwenye ubao. Mtakuwa mmepata nini?

MAMA: Tumepata ubao. Bei iliyoandikwa kwenye ubao naiona, naweza kuilinganisha na ya jirani, naweza kuipigia kelele, hata redio inaweza kuitangaza. Namba iliyofichwa kwenye mipangilio siwezi kuilinganisha na kitu. Afadhali mtu anipunje mbele ya macho yangu, nitamkimbia kesho.

MZEE: Mama amemaliza.

MHANDISI: Nakubali. Hilo sikuwa nimelifikiria hivyo.

Pengo haliko kwa mchimbaji peke yake, na sipendi wasomaji wadhani wenye sare za kampuni wako peponi. Mwaka 2021 mashirika mawili, RAID la Uingereza na CAJJ la hapahapa Kolwezi, yalichunguza migodi mitano mikubwa na kukuta zaidi ya nusu ya wafanyakazi wameajiriwa kupitia makampuni ya kati. Mhandisi wetu ni mmoja wa namna hiyo. Anavaa kofia yenye rangi ileile na mwenzake aliyeajiriwa na mgodi, anafanya kazi ileile, na mshahara, matibabu na uhakika wa mwezi ujao ni tofauti. Sheria ya mwaka 2017 ilitaka kandarasi hizo ndogo ziende kwa makampuni yenye mtaji wa Wakongomani. Nia njema. Lakini sheria iliangalia mwenye kampuni ni nani, na mfanyakazi wa chini hakuuliziwa analipwaje.

MCHIMBAJI: Na mwaka jana, 2025, mmesahau? Februari 22 serikali ilisimamisha kobalti isitoke nchini. Miezi minne, ikaongezwa, ikaongezwa tena, hadi Oktoba 16 walipoanza mgao wa tani kwa kila kampuni. Walisema bei imeanguka, lazima soko likaushwe ipande.

MHANDISI: Na hawakukosea. Machi 2018 tani ya kobalti ilifika dola 95,000, mwaka uliofuata ikaanguka chini ya 30,000. Nchi inayotoa sehemu kubwa hivi ikikaa kimya, bei inapangwa na wengine. Ila kuna hatari: bei ikipanda mno, viwanda vya China vinazidi kutengeneza betri za chuma na fosfati, zisizotumia kobalti hata kidogo. Nazo tayari zimejaa kwenye magari ya bei nafuu.

MCHIMBAJI: Sawa, yaya. Mgodi mkubwa una ghala, na una shaba ya kuuza wakati kobalti inangoja. Mimi sina ghala. Nikikosa kuuza Jumatatu, Jumanne hatuli. Mgao wa tani 96,600 wa mwaka huu wa 2026, mimi nimewekewa tani ngapi? Nani alikuja kuniuliza?

MZEE: Hakuna aliyekuja. Kama ambavyo hakuna aliyekuja kutuuliza sisi.

MAMA: Sasa niulize mimi. Nasikia kuna fedha za mrabaha zinazorudi kwetu. Ni kweli au ni maneno ya kampeni?

MHANDISI: Ni kweli, mama, iko kwenye sheria. Kanuni ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrabaha hivi: nusu kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au uchifu ambamo mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati, kwa hiyo mrabaha wake ni asilimia 10. Juu ya hayo, kila kampuni lazima itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka.

MAMA: Hiyo 15 ya huku kwetu, mwaka jana ilikuwa kiasi gani?

MHANDISI: Zipo ripoti za ITIE, mpango wa uwazi wa mapato ya madini. Zimewekwa kwenye intaneti.

MAMA: Kwa Kifaransa?

MHANDISI: Kwa Kifaransa.

MAMA: Mimi nimekuuliza kiasi, umenipa anwani. Ni sawa na Metorex tena. Kioo kimemwelekea mwingine.

MZEE: Zamani tulisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja kutoka kila pembe ya dunia. Mwenyeji angalau aonyeshwe dawa iko wapi.

Hapa nawaacha wanne hawa, na neno langu ni hili. Mjadala wetu juu ya utajiri wa Lualaba umekwama kwa miaka mingi kati ya wanaotaka wageni waondoke na wanaotaka wageni waongezeke. Wote wawili wanabishania nani achimbe. Ushahidi wa Nzilo na wa Kolwezi unanionyesha kwamba shida ya kila siku ya mtu wa kawaida iko kwenye swali jingine: nani anapima, na nani anaruhusiwa kuhakiki. Waya ulipimwa na wengine. Asilimia ya jiwe inasomwa na wengine. Mgao wa tani umepangwa na wengine. Mrabaha unahesabiwa na wengine. Mahali pote hapo mashine na hesabu zipo, tena za kisasa, na mwenye kudai yuko nje ya mlango.

Hili halihitaji miaka 20 wala mkopo wa Benki ya Dunia. Gavana na wasimamizi wa machimbo wanaweza kuamuru kwamba hakuna depo itakayonunua jiwe bila kioo cha Metorex kuonekana na pande zote mbili, bila sampuli ya kusawazishia kuwekwa mezani hadharani, na bila risiti yenye uzito, asilimia na bei. Vyama vya ushirika vya wachimbaji vinaweza kununua chombo kimoja cha pamoja, na kumlipa kijana mmoja wa hapa aliyesomea kemia akisimamie. Vyuo vya Kolwezi na Lubumbashi vina vijana hao, wanatafuta kazi. SNEL na makampuni wanaweza kuandika kwenye kila mkataba mpya wa ukarabati idadi ya nyumba zitakazounganishwa, pamoja na tarehe. Mabepari hawatafilisika kwa hayo.

Kwa machifu, mabwanameya wa komini na viongozi wa sekta nasema waziwazi: mrabaha unaoingia kwenu uandikwe ukutani, kwa Kiswahili, kwa wino mkubwa, kila robo mwaka, na chini yake iandikwe ulikotumika. Kiongozi asiyeiba hana sababu ya kuuogopa ukuta.

Nawe unayesoma haya ukiwa Dilala, Manika, Fungurume, Luilu au hapa Nzilo, usingoje shirika lije kukuombea. Nendeni watu watano au kumi, wanaume kwa wanawake, ofisini kwa mkuu wa eneo lenu, mkaulize asilimia 15 ya robo iliyopita ilikuwa kiasi gani. Ombeni jibu la maandishi. Msipopewa, rudini robo inayofuata mkiwa wengi zaidi.